Watu wa Chumvi Wameshafika

9 Februari

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Salamu nyingine zinatoka kwa Mama, aliyesimama mgongoni kwangu kuhakikisha nimeziandika kabla ya kitu kingine chochote. Huku sote tuko hai na tunagombana kama kawaida. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne yanapona ghafla kwa sababu jirani ameanika nguo kwenye kamba yake na lazima aende kumpasha. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo. Mama anasema ni studio inayonila.

Sasa habari yenyewe. Wimbo wetu umetoka! Ile kadi ya kumbukumbu uliyonitumia kwenye bahasha ilifika salama, na sauti uliyojirekodi kwenye chumba cha mashuka ni nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi humu ndani kwa vifaa vya bei mbaya. Nilipoisikia juu ya ngoma mara ya kwanza nililia. Ukinicheka shauri yako.

Nimeutoa kwa njia mpya, na najua utapiga miayo lakini nivumilie. Zamani wimbo ulikuwa chakula kilichokwisha pikwa: mtu anapewa sahani, anakula, basi. Siku hizi kuna programu zinazourarua wimbo wowote na kutoa sauti upande huu na ngoma upande ule, hata mwenyewe asipotaka, ila zinaacha takataka nyingi na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Mimi nimetumia faili la vipande. Ngoma peke yake, besi peke yake, gitaa peke yake, sauti peke yake, vyote safi, vyote ndani ya faili moja linalofunguka kwenye programu yoyote. DJ popote alipo anafungua, anachukua kipande anachokitaka, anatengeneza wimbo wake juu ya wetu. Nakwambia, miaka mitano ijayo hakuna atakayetaka wimbo uliofungwa. Watu watataka viungo wapike wenyewe, na sisi tutakuwa tumefika mapema.

Na sauti yako sikuigusa. Unakumbuka Baba alivyokuwa akifoka mtu akikata pumzi za mwimbaji? Watayarishaji wengine wanafyeka kila nafasi kati ya mstari na mstari mpaka panabaki kimya kitupu. Mimi nimeziacha pumzi zako zote toka mwanzo hadi mwisho, kama alivyotufundisha marehemu. Jina lako halipo popote, kama tulivyokubaliana.

Studio nayo imependeza. Nimepata spika mpya na zimefungwa kitaalamu sana, unasikia mpaka kidole cha mpiga gitaa kikihama kwenye waya.

Niandikie upesi. Mama anasema uvae soksi.

Mdogo wako,
Makelele

•

22 Februari

Makelele,

Marahaba. Mwambie Mama soksi nimevaa, na jirani amwachie kamba siku moja moja.

Hapa kwa dobi kazi imetuzidi. Hospitali na hoteli zote mbili zimeleta mashuka wiki moja, na wanawake kumi na mmoja tumeinamia mapipa na pasi mpaka migongo inalia. Mimi bado niko meza ya vifungo. Kila shati linalopita nalikagua, kifungo kilicholegea nakikaza, kilichopotea natafuta mwenzake kwenye kopo. Bi Mkubwa, mwenye dobi, anapiga kelele kutwa nzima lakini roho yake nyeupe, na chumba cha juu ya stoo bado ananiachia.

Wimbo nimeufurahia. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili furaha ikapungua. Kwa hiyo mtu akitaka sauti yangu peke yake, bila ngoma wala gitaa, anaipata? Anaweza kukaa nayo chumbani kwake akaisikiliza mpaka achoke?

Usinione mgumu wa kushukuru. Nilikubali kuimba kwa sababu nilidhani nitakuwa ndani, nimefunikwa na vyombo vyako. Unajua kwa nini sina simu. Mara ya kwanza yule niliyemkimbia alinipata kwa simu, hata miezi miwili haikupita. Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana kwa karatasi kupitia sanduku la posta la Bi Mkubwa.

Swali moja. Nani alikufungia spika?

Dada yako

•

8 Machi

Dada,

Shikamoo! Mama mzima, mimi mzima, na wimbo umepagawa. Hakuna neno lingine. Jana nilihesabu rimiksi mia tatu na kumi. Kuna mtu kauharakisha mpaka unaimba kama kuku, kuna mwingine kaondoa kila kitu kabaki na besi na pumzi zako tu, na nakuapia watu wanaucheza. Watayarishaji wakubwa ambao zamani hawakuitikia hata salamu yangu sasa wananiuliza nilifunga vipi lile faili.

Lakini kali zaidi ni ya binti mmoja DJ, simjui, yuko mbali huko. Kachimba kwenye kipande cha sauti, kati ya ubeti wa pili na wa tatu, pale unapovuta pumzi, akakuta mwanamke anaita kwa mbali: "Mama Uzi! Watu wa chumvi wameshafika!" Kakata maneno hayo, kayarudia rudia juu ya ngoma, basi imekuwa kiitikio. Mtaani kwetu watoto wanaimba. Fundi cherehani wa hapa chini anaimba. Juzi karani wa posta kanipa stempu zangu huku akisema watu wa chumvi wameshafika!

Mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia, maana nilipokuwa nachanganya wimbo, pale ngoma ndiyo inaingia kwa nguvu na kufunika kila kitu. Huyo Mama Uzi ni nani? Mwambie amekuwa staa.

Mama anakusalimu. Anasema ile sauti inayoita ina adabu kidogo tu.

Makelele

•

19 Machi

Mdogo wangu,

Mama Uzi ni mimi.

Ndivyo wanavyoniita hapa kwa sababu ya kazi ya vifungo. Anayeita ni Bi Mkubwa, uani, anaita niende nikapokee ovaroli za wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi. Viwanda vya chumvi nchi hii unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Sasa mtu ana sauti yangu, ana jina ninaloitwa, na ana chumvi. Amebakiwa na nini cha kutafuta?

Futa. Leo hii, ukimaliza kusoma, futa.

Na hujanijibu kuhusu spika.

•

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, sijamwambia.

Nimefuta kwangu. Nilifuta saa ileile. Lakini sitakudanganya: haifutiki. Faili la vipande linanakiliwa lote, na kila aliyelichukua analo kamili kama mimi, na waliolichukua ni maelfu. Ule uzuri niliokusifia, kwamba linafunguka popote na halina kufuli, ndio huohuo unaotumaliza. Nimewaandikia wenye rimiksi kubwa wakiondoe kile kipande. Wawili wamekubali. Yule binti amenijibu kwa upole kwamba hata akiondoa yake, zipo nyingine mia zilizotoka kwake.

Kosa langu nimelitazama kila upande. Baba alikataza kukata pumzi enzi ambazo wimbo ulitoka umefungwa, ngoma zikafunika kikohozi na mbwa wa jirani. Mimi nikaifuata kanuni yake kwenye faili ambalo kila kipande kinasimama uchi. Ningesikiliza sauti yako peke yake mara moja tu, dakika tatu na nusu, ningelisikia. Sikufanya hivyo.

Ila nawe, dada, ulikuwa chumbani humo humo. Hukusikia mtu akikuita?

Spika alinifungia shemeji. Basi, nimesema. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utakasirika. Wewe uliondoka bila kutuambia kitu, na yeye alikuja kwa Mama akalia. Watu wote wanamwita Fundi, na mjini hapa hakuna fundi mitambo anayemfikia. Anasimama nje ya ukumbi na kukwambia spika gani inakufa. Mimi kazi hii amenifundisha yeye. Nilidhani ni ugomvi wa nyumbani, nilidhani mtapatana. Alifunga spika mwezi wa pili, na kuzijaribu tuliweka wimbo wetu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza ni nani anayeimba. Aliomba tu nirudie ubeti wa pili, nikarudia.

Nisamehe.

Makelele

•

13 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa siku mbili na barua yako chini ya kopo la vifungo kabla sijaweza kushika kalamu. Hapa hali ya hewa nzuri, kazi ipo, wenzangu wazima. Hayo ndiyo mengine yote.

Umeuliza kwa nini sikusikia nikiitwa. Sikio la kulia nilivaa hedifoni yenye ngoma yako ili nisitoke kwenye mdundo. Sikio la kushoto halisikii. Limekufa kabisa, miaka mitatu sasa. Alinipiga kibao kimoja jikoni, kwa kiganja kilichofunguka, kwa sababu nilimwambia redio imezidi. Daktari alinionyesha mchoro wa sikio na mahali lilipopasuka. Fundi alikuwa amekaa kiti cha pembeni amenishika mkono, akamwambia daktari nilianguka bafuni. Tulipotoka nje alininong'oneza, upande ule wa kulia ili nisikie, kwamba mwimbaji mwenye sikio moja hana pa kwenda.

Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu. Nyinyi mlikuwa mkiniita kasuku wa nyumba. Ningewaambiaje?

Mambo mengine hayaandikiki. Usiniulize, na usimwite shemeji tena mbele yangu hata kwa karatasi.

Bi Mkubwa nimemweleza yote. Nilitegemea anifukuze, maana nani anataka balaa kwenye dobi lake? Akasema, "We, unafikiri mimi nilianza kufua nguo za watu kwa kupenda? Kaa hapo." Kisha akanihamisha meza. Sasa nakaa nimeupa ukuta mgongo, mlango uko kulia kwangu. Kila mwanamume anayeingia naangalia viatu kwanza. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa nikiwa nashona, nikiwa nakula, nikiwa nacheka na wenzangu. Chakula hakipiti.

Nimewaza kuondoka. Lakini nitakwenda wapi pengine, nianze tena kueleza kwa nini sina simu?

Dada yako

•

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeandika mwanzo wa barua hii mara nne na kuchana. Nimemwambia Mama kuhusu sikio. Nilidhani atapiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za nyuma, akakaa huko mpaka nguo za jirani zikakauka na kuanuliwa. Aliporudi aliniambia kitu kimoja: "Yule mtu nilimpikia."

Mimi sina la kujitetea. Nilimfungulia mlango, nikampigia ubeti mara ya pili.

Sikiliza ninachofanya. Kama faili halifutiki, basi nitalizamisha. Nimewaandikia waimbaji na watayarishaji wote ninaowafahamu, kila mji, wanawake watupu, kila mmoja anirekodie mwito ule kwa sauti yake na kwa bidhaa yake. Watu wa sukari wameshafika. Watu wa saruji. Watu wa mkaa, wa samaki, wa sabuni. Nimepata sitini na mbili. Kila mmoja naubandika kwenye pengo lilelile kati ya ubeti wa pili na wa tatu, nafunga faili upya, naliachia likiwa na tarehe ya Februari. Mtu akitafuta leo anakuta mafaili zaidi ya sitini, yote yanadai ndiyo ya kwanza, na hakuna awezaye kuapa lipi lilizaa jingine. Ma-DJ wamelipokea kama mchezo, wanaongeza ya kwao bila kuombwa.

Sauti ya watu wa sabuni ni ya Mama. Alisimama mbele ya maiki na magoti yake, akaita mara kumi na nne mpaka akaridhika.

Yule mtu hajakanyaga studio wiki tatu sasa. Nimebadilisha kufuli.

Makelele

•

15 Mei

Makelele wangu,

Marahaba, na Mama mwambie watu wa sabuni nimewasikia. Jumanne kijana wa gesi alikuja na redio yake, ikapigwa, nikaitambua sauti kabla hata ya neno la pili. Nililazimika kujifanya nimechomwa na sindano.

Nadhani hesabu yako inaleta majibu. Hapa mjini sasa hivi kila mwanamke ni Mama Uzi. Muuza mboga anaitwa Mama Uzi, mwalimu mkuu anaitwa Mama Uzi nyuma ya mgongo wake. Hapa kazini mteja akiingia wenzangu wote wanaitana hivyo, na Bi Mkubwa mwenyewe anaitika. Jana nilicheka mpaka mbavu zikauma, na baadaye ndipo nikagundua nimekula sahani nzima.

Kuna jambo limenichoma kidogo lakini. Wimbo ule unapigwa kila kona, na katika rimiksi nyingi mimi sipo tena. Kuna moja wameivuta sauti yangu chini mpaka imekuwa ya mwanamume. Huo ndio wimbo pekee niliouimba tangu nitoke kule, na hakuna atakayejua kamwe ni wangu. Sawa. Nimechagua uhai, siwezi kudai na sifa. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba inaniuma.

Jumapili nilikwenda sokoni peke yangu, mara ya kwanza tangu Machi.

Dada yako

•

29 Mei

Dada,

Sina salamu leo. Barua hii naituma kwa njia ya haraka kuliko zote walizonazo posta. Ondoka hapo.

Alikuja leo asubuhi. Niliacha mlango wazi kwa sababu ya joto, nikageuka nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wageni na hedifoni zake shingoni. Akanisifu. Akasema, "Umefanya kazi kubwa, mwanafunzi wangu. Mafaili yote hayo." Sauti ya upole, unaijua. Kisha akasema faili la kwanza alilichukua siku ileile lilipotoka, kabla hata hajaja kufunga spika, na mengine yote ameyasikiliza kwa starehe tu.

Nikamwambia mwito ule niliutunga mimi, ni wa studio. Akatabasamu. Haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama yalivyo ili usipuuze: "Hao wengine wote wameita ndani ya chumba kilichofungwa. Huyu mmoja ameita akiwa uani, na nyuma yake kuna mashine mbili kubwa za kukamua nguo. Moja beringi yake inakufa. Viwanda vya chumvi viko miji mitatu. Miwili nimeshakwenda."

Alinishika bega wakati wa kutoka, akaniambia nimsalimie Mama.

Nilifunga mlango nikalifungua faili la zamani, nikavaa hedifoni. Ni kweli. Ipo. Sauti ndogo ya gololi zilizochakaa, kama mtu anasaga meno. Nimeisikiliza sauti yako miezi sita na sikuwahi kuisikia, naye aliisikia siku ya kwanza. Zile sitini na mbili hazikumchelewesha hata dakika moja.

Dada, usisubiri kufunga mizigo. Mwambie Bi Mkubwa akupeleke popote, hata mimi usiniambie ni wapi.

Nimekuangusha mara mbili.

•

11 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya haraka imefika tarehe tisa. Yeye alifika tarehe tatu.

Ilikuwa saa tano asubuhi, dobi limejaa. Viatu sikuviona kwa sababu nilikuwa nimeinama chini ya meza naokota vifungo, kopo lilimwagika. Nikasikia Bi Mkubwa anasema karibu, na sauti ikajibu ahsante. Nilibaki chini. Mkojo ulinitoka, nakwambia wewe tu. Nikaona kiatu cha kahawia kinageuka taratibu kuelekea upande wa mashine, kikatulia.

Akasema, "Mama, mashine yenu moja beringi imekufa."

Bi Mkubwa akasema tunajua, ina mwaka. Akajitolea kuitengeneza, bure, ana vifaa kwenye gari. Bi Mkubwa nilimwona akishika ukingo wa kaunta. Amekwisha fahamu. Akamwambia mashine hiyo tumeizoea hivyohivyo, "Wewe umeleta nguo au umeleta maneno?"

Ndipo yeye akasema: "Namtafuta Mama Uzi."

Pasi zikafoka mvuke. Kisha yule wa pasi ya kwanza, mnene, mcheshi, akasema, "Ndiye mimi, kaka." Wa pili akasema, "Muongo huyo, mimi hapa." Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho kule kwenye mapipa, kumi wote, na hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wamesimama wameshika pasi zao. Nami sijui nilitoa wapi nguvu, mdogo wangu. Nilinyanyuka na suruali iliyolowa nikasema, "Na mimi."

Aliniangalia. Mwaka mzima na nusu niliuogopa uso ule, nao ulikuwa umechoka, na ndevu hazikunyolewa. Alihesabu wanawake kwa macho, akahesabu na pasi. Kisha akavua shati alilovaa juu ya fulana, akaliweka kwenye kaunta, akasema, "Limelegea kifungo. Nitalipitia." Bi Mkubwa akamwandikia risiti kama mteja yeyote, maana angefanya nini? Akaikunja risiti akaitia mfukoni, akaondoka.

Polisi tumekwenda, mimi na Bi Mkubwa. Waliandika kwenye kitabu kikubwa. Wakasema mtu kuacha shati kwa dobi si kosa.

Sikuondoka, na sitaondoka. Nilifunga begi, nikalifungua. Popote nitakapokwenda nitakuwa mmoja. Hapa tuko kumi na mmoja. Usiku wawili wanalala na mimi kwa zamu, wanakoroma kama treni, sijawahi kupenda kukoroma kwa mtu namna hii.

Shati tumelifua. Kifungo nimekikaza mimi mwenyewe, kwa sababu ni kazi yangu na kwa sababu nilitaka kuona kama mikono yangu itakubali. Limetundikwa pamoja na ya watu wengine, namba mia mbili na nane. Utaratibu wa Bi Mkubwa ni kwamba nguo isiyofuatwa kwa siku tisini inagawiwa. Leo ni siku ya nane. Kila asubuhi nikishuka ngazi naangalia shati kwanza, kama lipo, ndipo navuta pumzi.

Usinitumie wimbo wala habari za rimiksi. Nifanyie kitu kimoja. Pita karakana kwake uniandikie kwamba yuko huko. Ukiniambia yuko huko, nitalala.

Dada yako

•

20 Juni

Dada,

Nimepita mara tatu, siku tatu tofauti. Karakana imefungwa kwa kufuli. Jirani yake anasema alitoka mwisho wa Mei na mkoba wa vifaa, na hajarudi. Nilitamani kukudanganya. Nimeshindwa.

Sababu ya mimi kutokuja muda wote huu ilikuwa asinifuate akajua uliko. Sasa anajua, kwa hiyo sioni tena kwa nini nikae huku. Studio nimeifunga. Spika zake nimezing'oa ukutani, ziko nje kwenye mvua. Mama yuko mlangoni na mfuko wake, magoti na yote, na hataki kusikia habari ya kubaki. Basi linaondoka saa moja, na posta iko njiani kuelekea stendi, kwa hiyo barua hii na sisi tunatoka pamoja.

Ikikukuta tumekaa karibu yako, ichane tu, haina maana tena. Ikitutangulia, usishuke ngazi peke yako kuangalia shati. Mwambie mmoja wa wale kumi aangalie, wewe ubaki juu, mpaka utakaposikia Mama anakuita kwa jina lako.

Mdogo wako